Mkwe Wetu Amenichagua Mimi

Wamama wenzangu, leo nimeaibika mbele ya Wameru, na nilikuwa nimefunikwa leso kutoka kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sijui kama kuna mwanamke mwingine amewahi kuaibika akiwa amefunikwa vizuri namna hiyo. Mimi nimeweza.

Wale hamkuja, mjue leo ndiyo siku watu wa Kianjai, huko Meru, wameleta ruracio ya mjukuu wangu Ciarunji hapa kwetu Ishiara. (Ruracio ni mahari. Naandikia wale watoto wenu wanaosoma simu zenu wakichungulia juu ya bega.) Ciarunji ni binti wa kijana wangu Nyaga, tena wa kwanza. Kwa hivyo jina lake ni langu. Na huku kwetu jina si kitambaa, ati unafunga kichwani ukienda kanisani na ukirudi unatoa. Siku alizaliwa, mkunga alimwangalia akasema, "Huyu ni wewe." Alipoanza kutembea, watu wakasema anatembea kama mimi. Akikasirika, kijiji kizima kinasema, "Ciarunji mkubwa amewaka." Nilipokuwa nikimbeba mgongoni nilikuwa najiambia, hapa nimejibeba mwenyewe.

Yeye hapendi hayo maneno. Tangu aende kusoma chuo huko Nchiru amerudi na wimbo mmoja. "Cucu, mimi ni mimi." (Cucu ni nyanya; vijana wengine husema shosho.) Nilimuuliza, sawa, wewe ni wewe, na hiyo pua umeitoa wapi?

Huko Nchiru ndiko alipata Mutuma, kijana wa kutengeneza simu. Kijana mzuri, ana adabu, anakula vizuri. Na kwa kuwa Ciarunji ni mimi, basi Mutuma ni bwana yangu pia. Hivyo ndivyo tunavyotaniana huku, na yeye alikuwa amezoea. Nikimpigia simu namwambia, "Bwana yangu, unaniletea sukari lini?"

Sasa, mnajua ule mchezo wa leso. Wasichana wanafunikwa wote wafanane, wanapangwa laini, kijana anapita akichagua mchumba wake bila kufunua. Akikosea, watu wake wanatoa mbuzi. Na wasichana hawaruhusiwi kusema hata neno moja.

Asubuhi nikiwa jikoni nakoroga ndengu, nikatangaza, "Mimi pia naingia laini."

Nyaga akasema, "Laini gani, mama?"

"Ya wasichana."

"Mama, una miaka sabini na..."

"Maliza hiyo hesabu uone."

Akachukua ndoo akatoka. Lakini jirani yangu Mama Njue (yuko hapa kwenye kundi, anasoma, atajitetea mwenyewe) alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ciarunji wewe! Huyo kijana ana macho. Atakuruka kama shimo barabarani!"

Nikamwambia mwili wa ukoo wetu hauzeeki, unakauka tu. Bega ni hili hili. Kiuno ni hiki hiki. Ukitufunika, hata mama mzazi hawezi kujua Ciarunji ni yupi.

"Akikuchagua wewe," Mama Njue akasema, "nitakula hii leso yangu. Yote. Pamoja na pindo."

Mlisikia wote mliokuwa jikoni.

Wacha niwaambie kwa nini nilishupaa hivyo. Mimi nikiposwa, watu wa marehemu mzee wangu walikuja wakaomba kuona mikono. Mikono tu! Wakaigeuza, wakafinya, wakasema, "Hii ni ya jembe kabisa." Wakafurahi, wakaketi wakanywa. Hakuna aliyeinua macho akafika usoni. Nami nilikuwa nimejipaka mafuta uso mzima! Nimelima na hiyo mikono mpaka leo. Basi nikataka, mara moja tu kabla sijaenda, kijana wa watu asimame mbele yangu ashindwe kupita. Ni kitu kikubwa nimeomba?

Shida ilikuwa miguu. Leso hufunika yote lakini miguu hubaki nje, na magaga yangu yanaweza kurarua shuka. Na akala zangu, hizi za tairi, zinajulikana sokoni kuliko chifu. Nikaingia chumba cha Ciarunji. Hakuwepo, alikuwa nyuma ya nyumba akimaliziwa nywele. Hapo mlangoni nikaona raba zake. Nyeupe, mpya, kamba za zambarau. Nikaingiza mguu mmoja kujaribu tu. Wueh! Zimenitosha kama zimepimwa kwangu! Mnaona? Hata namba ya kiatu nilimpa. Nikasema huyu ni Mungu. (Hakuwa Mungu.) Nikaacha akala zangu pale pale mlangoni, nikaenda kufunikwa.

Tulikuwa wanne. Ndani ya leso ni joto na giza, unasikia tu sauti na nyayo. Tukashikwa mikono, tukapelekwa uwanjani, tukasimamishwa kwa jua. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Mara yule wa karibu nami akaanza kukohoa. Koh. Koh koh. Kama mtu anabisha mlango. Nikangoja aache. Akaongeza. Nikamfinya kwa mkono, nikamnong'oneza, "Nyamaza wewe, unatuharibia!" Akakohoa kwa nguvu zaidi, na juu ya hayo akanikanyaga mguu! Nikajiambia wasichana wa siku hizi, vumbi kidogo tu wanataka daktari.

Mutuma akaja na shangazi yake. Huyo shangazi ana sauti ya posho mill ikisaga mahindi. "Angalia vizuri, Mutuma! Usitupotezee mbuzi!"

Wa kwanza akapitwa. Wa pili akapitwa. Akafika kwa yule wa kikohozi, nikamsikia amesimama, anaongea polepole na heshima tele: "Shosho, pole sana. Wamekusimamisha kwa jua. Si ungekaa tu kivulini?"

Uwanja ukacheka. Yule wa kikohozi akapiga mguu chini, puu! Nami ndani ya leso yangu nikashangaa. Kwani kuna mzee mwingine kwenye hii laini? Ni nani huyo ameniibia wazo?

Halafu akafika kwangu.

Akasimama. Nikangoja apite. Hakupita! Nikanyoosha shingo. Nikarusha kiuno upande (kidogo tu, mimi ni mtu wa kanisa).

"Huyu ndiye," akasema.

"Una hakika?" shangazi akauliza. "Mbona hujamzunguka hata?"

"Shangazi, huyu hata nikiwa kipofu ningemjua."

Hata nikiwa kipofu! Wamama, nililia kidogo. Miaka yote hiyo nilingojea hayo maneno, na yamekuja nikiwa ndani ya leso kama mkate. Kabla sijapangusa machozi, kijana akanikumbatia, akaninyanyua juu. Mimi! Miguu hewani! Raba zinaning'inia!

Wakafunua.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Mutuma alinishusha kama sufuria ya moto. Wamama wetu wakapiga vigelegele, "Mbuzi! Mbuzi!" Wazee wa Kianjai wakainamisha vichwa. Mama Njue alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Hapo mtu mwenye akili angeenda kukaa. Mimi nilichukua maiki.

"Watu wa Kianjai," nikasema, "mmeona na macho yenu! Wasichana watatu wamepitwa, mimi nimechaguliwa! Hii ni damu!" Nikajizungusha waone mbele, waone nyuma. "Ciarunji ni mimi na mimi ni Ciarunji, na huyu kijana amethibitisha! Mama Njue, anza na pindo!"

Walipiga makofi, siwezi kuwadanganya. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nawaandikia mambo mengine. Lakini nilitaka aseme mwenyewe, watu wasikie. Nikamwekea Mutuma maiki mdomoni. "Sema, bwana yangu. Waambie ulinijuaje."

Akaangalia shangazi. Akaangalia chini.

"Ni hivyo tu, shosho."

"Usiogope! Ni kiuno? Ni vile nasimama?"

"Shosho, tuwache hiyo maneno."

"Sema!"

"Ni raba."

"Ni nini?"

"Raba, shosho. Mimi na Ciarunji tulielewana jana kwa simu. Nisiangalie kitu kingine. Niangalie raba nyeupe, kamba za zambarau."

Maiki ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Wenye kuuza maembe sokoni walisikia.

Watu wote wakaangalia miguu yangu. Mimi pia nikaangalia. Sijui nilitarajia kuona nini.

Shangazi akasema polepole, "Sasa, Mutuma. Yule uliyemwambia akae kivulini ni nani?"

Yule wa kikohozi hakungoja kufunuliwa. Alitupa leso chini mwenyewe. Ciarunji! Nywele za saluni zimelala upande mmoja, macho mekundu, na miguuni, mbele ya wakwe zake wote, akala zangu za tairi.

"Nimekohoa mpaka koo imeuma!" akapiga kelele. "Wamenifunika nikiwa miguu mitupu, wakanivuta, nikavaa chenye nilikanyaga hapo mlangoni! Cucu, na wewe ukanifinya! Na wewe!" Akamgeukia Mutuma. "Mimi ni shosho?"

"Lakini ulikuwa na akala," Mutuma akasema.

"Kwa hivyo unaoa viatu?"

Mutuma akaangalia akala, akaangalia raba.

Hapo ndipo vita vya mbuzi vilianza. Shangazi akasema hawatoi kitu, maana mimi nilivaa alama isiyo yangu. Nyaga akasema alama ilikuwa wizi tangu mwanzo. Shangazi akasema wizi huo ulipangwa na binti ya Nyaga mwenyewe. Wazee wakaenda kando wakanong'ona, wakarudi wakikohoa ili wasicheke. Wakaamua kwamba pande zote mbili zimedanganya, lakini mbuzi atatolewa na aliyevaa raba.

Mbuzi wangu mweusi. Walimla wakimsifu.

Wageni walipoanza kuaga, nilipangusa zile raba na kitambaa nikampelekea Ciarunji. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikajaribu kutengeneza mambo. Nikamwambia, "Lakini umeona tunafanana kweli. Hata yeye amechanganyikiwa."

"Cucu, hatukufanana," akasema. "Hakutuangalia. Si wewe, si mimi."

Nikakaa kando yake. Nikamwambia habari ya wale watu waliokuja kuangalia mikono. Sikuwa nimewahi kumwambia. Alishika mkono wangu, akaugeuza, akauangalia upande wa ndani na wa nje. Halafu akaangalia uso wangu kwa muda, mpaka nikaona haya, nikamuuliza kama nina masizi.

"Kwa kweli pua ni yako," akasema. "Hiyo nakubali. Na jina tutatumia sisi wawili. Lakini raba ni zangu, cucu. Usiguse tena."

Nikampa. Akazibeba mkononi. Akala zangu hajarudisha mpaka sasa. Amewasindikiza Wameru nazo hadi barabarani, anatembea kwa hasira, kifua mbele (sisemi kama nani), na Mutuma nyuma yake akiomba msamaha bila kuangalia chini hata mara moja. Alijikwaa mara mbili.

Basi mimi niko kwenye kiti hapa nje, miguu mitupu, magaga yanapigwa na upepo, sina mbuzi, sina viatu. Naomba kesho kanisani mtu asiniite bibi harusi. Asiniulize namba ya kiatu. Asikohoe karibu nami.

Na wewe Mama Njue, naona hapo juu kwamba unaandika. Weka simu chini. Kwa raba au bila raba, kijana alinichagua, na leso bado hujaila.