Yah: Kiwanja Changu Kupakwa Rangi ya Kijivu

Laurean Gatera,
Rebero, Kicukiro.
Jumatano asubuhi.

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Ramani za Mazingira,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na kompyuta zako zote. Sisi huku mlimani tu wazima, ila mimi nimechafuliwa jina. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisoma Karagwe, na nikikasirika Kinyarwanda changu hunikimbia.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa wetu, mwaka wa sita sasa. Jumamosi iliyopita, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tukiwa bado na majembe mikononi, ofisa wako Cynthia alitundika shuka na kutuonyesha ramani iliyochorwa na programu yenu ya kompyuta. Alieleza kwamba programu hiyo hupiga hesabu ya kile ambacho ardhi inatupatia kimyakimya: maji ya mvua inayoyashika, udongo inaouzuia usiporomoke, ubaridi, hata nyuki. Panapotoa vingi ni kijani, pasipotoa kitu ni kijivu. Watu wakapiga makofi. Kisha akaivuta ramani mpaka mtaani kwetu, na makofi yakageuka kicheko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimetoka kijivu. Ndugu Mkuu, uwanja wangu nimeutandika matofali ya saruji kuanzia getini mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Jani likidondoka halimalizi dakika mbili. Wageni huuliza kama wavue viatu nje. Programu yenu imeandika: sifuri. Nimewahi kupata sifuri mara moja tu maishani, kwenye somo la kuimba, na siku ile angalau mke wangu hakuwepo.

2. Nyuma ya ukuta wangu, kuelekea kwa jirani yangu Gratien, kuna kichaka. Nasema kichaka kwa heshima tu. Kuna miti, kuna matete, na kuna vitu vinavyolia alfajiri. Nimemwandikia Gratien barua saba za onyo. Kila moja huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, halafu hafyeki. Kichaka hicho ndicho kilichong'aa kijani kuliko mtaa mzima! Watu walisimama kumpongeza, naye akatazama chini. Sasa wanasema ndiye anayefaa uenyekiti, na uchaguzi ni Jumapili hii.

3. Programu inadai kwamba mvua ikinyesha, maji ya uwanja wangu huteremka yote na kunyonywa na kichaka, lita elfu themanini kwa mwaka, la sivyo nyumba za chini zingejaa tope. Yaani maji yamedondokea kwangu, yamepewa lifti na matofali yangu, na sifa anapata mwingine. Naomba jina langu liandikwe hapo, walau kama msafirishaji.

4. Inadai pia kuwa nyumba yangu inapozwa na kichaka hicho. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kupozwa. Mke wangu Eustadia sasa huhamishia kiti chake chini ya ule ukuta kila mchana, na anasema anaunga mkono sayansi. Ramani imeingia ndani ya ndoa.

5. Nyuki. Eti ndoo mbili za nyanya za Eustadia, ninazozivumilia kwa ajili ya amani, zinazaa kwa hisani ya nyuki wa kule. Nimekaa siku nzima nikiwachunguza wanavyovuka. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

6. Nimejaribu kushirikiana. Jumatatu nilitandika zulia la majani ya plastiki uwanja mzima, nikampigia Cynthia simu ili picha ya setilaiti ichukuliwe upya. Akanijibu kwa upole kwamba setilaiti haiangalii rangi tu, inatambua jani linalopumua. Nikamwuliza, na mimi ninayepumua juu ya zulia je? Akasema atauliza ofisini. Bado nasubiri.

Kwa hiyo naomba programu ianze kuhesabu jasho, ufagio na nidhamu. Naomba pia mipaka halali ya viwanja iwekwe juu ya ramani, ijulikane wazi kipi ni cha nani na mchafu ni nani. Cynthia nimeshamwita aje nayo mchana huu. Na kwa kuwa kichaka kinawaaibisha wasafi, kamati yangu itakifyeka Jumamosi saa moja asubuhi. Mapanga yameshanolewa. Tumeni mtu ashuhudie kijani kikigeuka kijivu, ili mtaa mzima tuwe sawa.

Wasalimie wafanyakazi wote, walinzi wa getini, na huyo anayeendesha setilaiti. Mwambie avae sweta.

Wako katika usafi,
Laurean Gatera,
Mwenyekiti (angalau mpaka Jumapili).

Nyongeza: Cynthia amekuja na mipaka. Inaonekana miaka sita iliyopita fundi wangu alichoka kubeba mawe mteremkoni, akasimamisha ukuta pale alipofika. Kiwanja changu kinaendelea mpaka mlangoni pa jiko la Gratien. Kichaka chote ni changu. Zile barua saba nilikuwa najiandikia mwenyewe, na sijajibu hata moja. Tafadhali futa malalamiko namba moja hadi sita. Programu yenu haina kosa. Mapanga nimeyarudisha stoo. Cynthia alinionyesha pia kwamba miti ile imepandwa kwa mistari, basi nikaenda kumwuliza Gratien kwa nini ahangaike miaka yote hiyo kwenye ardhi yangu huku nikimtukana kwa maandishi. Akasema: "Mzee, ile mvua ya kwanza, maji ya kwako ilibeba jiko yangu. Ndiyo nikapanda miti. Ningesema iko yako, ungekata yote." Nimeona aibu, Ndugu Mkuu. Jumapili kura yangu nampa yeye. Ya Eustadia kumbe Gratien alishaahidiwa tangu zamani.