Mgombea wa Akiba

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimechukua fomu. Nagombea uenyekiti wa kanda wa chama chetu cha wahandisi. Nimetia sahihi kwa furaha. Miaka kumi na tisa nasukuma maji ya mji huu kutoka mtamboni hadi majumbani, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Wakati umefika.

Sababu zangu ni nzito. Kuinua hadhi ya taaluma. Kuwalea wahandisi chipukizi. Na baba mkwe. Mzee alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, sasa yuko kwetu mwezi wa nne kwa matibabu ya macho, na kila mgeni akibisha hodi ananitambulisha vilevile: huyu ndiye fundi bomba aliyemuoa binti yangu. Fundi bomba! Nina shahada mbili na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Nikiwa Mwenyekiti, atalazimika kusema Mwenyekiti. Hilo tu ndilo nalitaka hapa duniani, na nalisema humu kwa kuwa humu hakuna anayesoma.

Mpinzani ni mmoja. Mhandisi wa barabara, tunamwita Lami. Ana sauti ya kuamsha mtaa mzima, na kile kizibao chake cha kung'aa hukivaa hata harusini.

Jumanne, 4 Juni

Nimepiga hesabu. Wanachama wenye haki ya kupiga kura ni thelathini na wanane. Nimewapigia simu wote isipokuwa Lami. Thelathini na mmoja wamenijibu "tuko pamoja." Nimerukaruka jikoni mpaka sufuria ikaanguka.

Mke wangu ni mfamasia, haamini kitu kisichopita kwenye mizani. Akaniuliza kama si mimi niliyemwambia kwamba theluthi ya maji tunayosukuma hupotea njiani kabla ya kuwafikia watu. Nikasema ndiyo. Akauliza, je, ahadi zitapotea ngapi. Nikamjibu kura si maji. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo limenijia kazini, nimesimama mbele ya pampu. Kwetu hakuna pampu inayokaa peke yake. Kila moja ina mwenzake pembeni, pampu ya akiba, imetiwa mafuta, imetulia, inangoja. Kubwa ikigoma, ya akiba inashika kazi. Mhandisi anayefunga pampu moja bila akiba anastahili kufukuzwa. Sasa mimi nagombeaje peke yangu kama mtu asiyesoma?

Nahitaji mgombea wa akiba. Atawakusanya wote wasionipenda mimi wala Lami. Halafu siku mbili kabla ya uchaguzi anajitoa, anawaambia watu wake wanipigie mimi kura. Nikajipongeza kwa sauti. Fundi wa zamu akauliza kama naumwa.

Nimempata mtu. Tulisoma naye chuo, sasa yuko maabara ya vifaa vya ujenzi. Tunamwita Kimya. Kazi yake ni kuvunja matofali ya zege kwa mashine na kuandika daftarini yamevunjika kwa uzito gani. Kwa siku nzima anasema labda maneno arobaini. Nimemkuta anavunja. Nikamweleza mpango wote. Akangoja tofali lipasuke, akaandika namba, ndipo akaniuliza swali moja tu, kama itambidi azungumze. Nikamwambia kidogo sana, na kwa vyovyote utajitoa. Akasema sawa.

Ijumaa, 7 Juni

Fomu ya Kimya imefika kwa Mama Katibu. Huyu mama alijenga madaraja kabla ya kustaafu, ndiye mlinzi wa karatasi zote za chama, na kalamu yake nyekundu haishuki sikioni. Alitutazama mmoja mmoja, akasema siku hizi wagombea wanakuja wawili wawili kama viatu. Nikacheka sana. Pengine kuliko inavyofaa.

Lami ametundika picha yake ukumbini. Imepinda. Nimepima, nyuzi mbili, nami nimewaarifu wote waliopita. Yangu nimeitundika kwa pimamaji, imenyooka kabisa. Baadaye nimegundua mlango ukifunguliwa unaifunika. Mlango ule hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni.

Jumatatu, 10 Juni

Mkutano wa wagombea. Lami amesema dakika hamsini. Mimi dakika sabini, na michoro arobaini na minne ukutani. Ule mchoro wa kumi na tisa, wa shinikizo la maji, nimeurudia mara mbili kwa faida ya wote. Wahandisi wawili wa umeme walisinzia, mmoja begani mwa mwenzake. Hata hivyo walikuwa mstari wa mbele, na hilo ni jambo.

Hotuba ya Kimya niliiandika mwenyewe, fupi kwa makusudi, asije akang'aa. Akasimama. Akasema: "Mimi sina mengi. Nitawasikiliza." Akakaa.

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama! Kimya hakujua la kufanya, akatoa daftari lake la maabara, akafungua ukurasa mpya, akabaki anawatazama. Mmoja kutoka vituo vya mbali akainuka, akalalamika kwamba miaka sita karatasi zake za usajili zinapotea ofisini. Kimya akaandika. Akainuka mwingine. Mwishowe pakawa na foleni mpaka kwenye birika la chai.

Nilitoka nje nikacheza peke yangu kwenye ngazi. Kila kura anayoikusanya ni yangu ikifika Alhamisi. Sijapata kuona pampu ya akiba yenye nguvu namna ile.

Jumatano, 12 Juni

Barua ya kujitoa. Mwisho wa kuipokea ni kesho saa kumi jioni. Nimeiandika, Kimya ametia sahihi bila kuisoma, tumeipeleka kwa Mama Katibu.

Ikarudi. Hiyo ndiyo kawaida yetu: mpe mhandisi karatasi yoyote, hata kadi ya mwaliko, atakurudishia ikiwa na wino mwekundu. Haina namba ya waraka. Haina herufi ya toleo, A au B. Na nafasi ya pembeni kushoto haifiki milimita ishirini na tano. Namba nimeweka. Herufi nimeweka. La pembeni nimekataa katakata, kwa sababu nafasi ile ilikuwa ishirini na tano. Akapima yeye, akapata ishirini na nne. Nikapima mimi, ishirini na nne na nusu, na nusu huongezwa kwenda juu, mtoto wa shule anajua. Tumeagana kwa heshima. Kesho naenda na rula yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda na rula ya chuma. Mama Katibu akatoa ya kwake, pamoja na cheti kwamba imekaguliwa. Nikaomba kuona tarehe ya cheti. Akaomba kuona changu. Changu kiliisha Machi.

Hapo nikaingia kwenye hoja ya joto. Karatasi hutanuka, chuma hutanuka, chumba kilikuwa na joto, mtu hawezi kupima kama vile tuko kwenye jokofu. Nilisema vizuri mno, na kulisema hili si kujisifu. Wapita njia wawili walisimama mlangoni, mmoja akawa upande wangu. Kimya alikuwepo muda wote. Saa kumi kasoro robo alinigusa bega, akasema neno moja: saa. Nikamwambia asinikatishe.

Mama Katibu akakubali. Amekubali! Akaipokea barua kwa mikono miwili, akasema nafasi ya pembeni sasa ni sawa, ila ni saa kumi na dakika saba, kwa hiyo barua haipokelewi tena.

Nimefika nyumbani natamba. Mke wangu akauliza nimeshinda nini hasa. Nikamwonyesha rula.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna cha kuogopa. Kura thelathini na moja ni kura thelathini na moja. Ninachoogopa ni aibu ya Kimya, maana makofi ya Jumatatu si kura. Akipata sifuri, watu watauliza mtu wa sifuri alisimama kwa sababu gani, na wakiuliza watafukua. Isitoshe ni rafiki yangu. Mtu hamwachi rafiki yake uchi ukumbini.

Basi nimemwazima kura. Wenzangu watano wa kuaminika wa mtamboni, nimewaita mmoja mmoja, nimewaomba wampe yeye, kwa heshima tu. Nitabaki na ishirini na sita. Bado nyingi. Nimekwenda kumtazama baba mkwe akisikiliza redio, nikajaribu kumwazia akitamka Mwenyekiti. Mdomo wake unafaa.

Jumamosi, 15 Juni

Uchaguzi. Kwenye kibanda cha kura roho ikanilainika, nikaona kwa nini mimi niwe mchoyo, na yangu pia nikampa Kimya. Nilitoka nimejiona mkubwa.

Mama Katibu amehesabu mara tatu, kila kura alama nyekundu. Lami kumi na sita. Kimya kumi na saba. Mimi tano.

Niliomba irudiwe. Ikarudiwa. Tano.

Wale watano wa mtamboni wamenieleza baadaye, tena kwa fahari. Kila mmoja alihofia mmojawapo atasahau, kwa hiyo akaweka akiba: akamwambia na mwenzake mmoja. Niliwafundisha mwenyewe. Watano, na wenzao watano, na mimi, na yeye mwenyewe, ni kumi na mbili. Tano zilizobaki amezipata kwa daftari. Na wale wa "tuko pamoja" waliobaki wamempigia Lami, wakanipa mkono wakiondoka, wakasema tuko pamoja.

Lami amenikumbatia. Amesema afadhali Kimya kuliko mimi. Nikamwambia nami nasema hivyohivyo juu yake. Ndipo hesabu ikaniingia akilini pale pale kifuani mwake, kwenye kizibao. Kura moja ndiyo iliyomshindisha Kimya. Yangu.

Kimya akapewa kipaza sauti kutoa shukrani. Amesema dakika arobaini.

Jumapili, 16 Juni

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo. Nimeshinda uani nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sikutaka kuonekana na mtu.

Baba mkwe akanifuata akipapasa ukuta. Akauliza nimepata ngapi. Tano. Akauliza kama mojawapo ni yangu mwenyewe. Nikasema hapana. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni. Alipopoa akaniuliza cheo kile nilikitakia nini. Sijui kilichonipata, nikamwambia ukweli: nilitaka baba aache kuniita fundi bomba mbele za watu.

Mzee akakasirika. Alisema amepima ardhi miaka thelathini na mitatu, amepigilia vigingi maelfu, na hakuna binadamu aliyewahi kunywa kigingi. Akisema mkwe wangu ni mhandisi, wageni wanaitikia tu, wanaendelea na chai. Akisema fundi bomba, wanakaa sawa na kuuliza napatikana lini. Alidhani ananisifu. Miezi minne yote alidhani ananisifu, na akasema hajui namna nyingine ya kumsifu mtu, maana yeye hakuwahi kusifiwa.

Machozi yalinitoka, na mzee hayaoni vizuri, kwa hiyo niliyaacha yatoke. Nikamshukuru. Akasema kwa kuwa tumeelewana, bomba la bafuni mwake linavuja tangu Aprili, alikuwa anaona haya kuniambia. Nimelitengeneza kabla ya chakula. Mara ya mwisho kuwa na furaha kiasi hiki ilikuwa siku ya kuoa.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka mtu mpya. Vyeo ni upepo. Mke wangu amenisikia nikisema hivyo mezani, akanigusa paji la uso kama nina homa.

Njiani kwenda kazini nimesoma tangazo getini. Kamati ya wakazi wa mtaa wetu inatafuta mwenyekiti. Nyumba kumi na mbili tu, zote najua mabomba yake.

Nimeichambua ile kazi ya Jumamosi kwa utulivu, kama tunavyochambua mtambo ukizima. Kosa lilikuwa moja tu, nashangaa sikuliona mapema: mgombea wa akiba alikuwa mmoja. Safari hii nitaweka wawili, wagawane kura. Jirani wa mbele amekubali. Wa pili ni baba mkwe. Nimemweleza kwamba ni jina tu, siku mbili kabla anajitoa, na barua ya kujitoa nitaiandika mimi.

Amekubali haraka. Tangu saa kumi na mbili jioni yuko getini kwenye kiti, anamsimamisha kila anayepita na kumuuliza shida zake, na amemwagiza binti yake ampigie pasi koti. Nimemwambia asijisumbue na koti, kwani hatafika huko.