Papa Alipoiombea Bastola Dukani

Jamani, leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka nimalize shule. Ninyi binamu zangu wa Columbus na Buffalo mtaletewa habari na mama zenu, kwa hiyo afadhali muipate kwangu ikiwa bado ya moto.

Wiki iliyopita wezi walivunja mlango wa jirani hapa kwetu South End. Papa anafanya kazi ya usiku warehouse, kwenye ghala la mizigo, Mama anabaki peke yake na wadogo zangu. Mama hataki bunduki nyumbani. Papa naye hajalala vizuri tangu siku ile. Leo akaniambia, "Vaa viatu, tunaenda." Mkalimani wake wa Kiingereza ni mimi. (Mshahara: sifuri. Likizo: hakuna.)

Duka linauza vitu vilivyotumika: magitaa, mashine za kukata nyasi, bastola. Mzee mwenye duka akatuwekea kabastola juu ya kioo. Kafupi, mdomo kama umetafunwa na panya, mpini umezungushiwa utepe mweusi.

"Ya zamani," akasema. "Hata kampuni iliyoitengeneza ilishakufa. Lakini bei yake haiumi."

Akazungusha silinda. Tik-tik-tik. Nikaruka nyuma! (Mimi, bingwa wa kufyatua risasi kwenye simu.)

Papa hakuruka. "Muulize, hii kitu ilishaua muntu?"

Nani anauliza hivyo dukani? Nikageuza: "Baba anauliza kama inafanya kazi."

"Mwambie haijagoma hata mara moja!"

"Papa, anasema hajui."

"Bon, basi. Tuombe."

Mnatujua. Kitu kilichotumika hakiingii nyumbani bila maombi, maana hatujui mikono iliyotangulia. Gari letu liliombewa. Friji iliombewa mpaka nikaihurumia. Lakini bastola? Tena hapo hapo, mbele ya watu?

Papa akavua kofia, akaweka mkono juu ya ile bastola, akafungua sauti yake ya mkesha: "Baba wa mbinguni!" Mteja aliyekuwa anajaribu gitaa akanyamaza. Mimi nikaanza kukagua mashine za nyasi, kana kwamba nimekuja peke yangu.

"Anasema nini?" mzee akaniuliza.

"Anamwomba Mungu ushushe bei."

Duka zima likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Papa akakwama. Papa! Yule ambaye maombi yake yanapoza ugali! "Bwana, ubariki hii... ubariki..." Basi. Akafungua macho, akamgeukia mzee, akasema kwa Kiingereza, taratibu, neno moja moja:

"Hapana bei. Kongo, mtu alivunja mlango yangu. Nikapiga risasi. Alikuwa mtoto ya jirani. Mkubwa kama huyu." Akaniwekea mkono begani. "Nilitaka Mungu abariki hii kitu. Nimekosa maneno."

Hakuna aliyecheka. Mzee naye akavua kofia yake, akairudisha bastola chini ya kioo polepole, kama anamlaza mtoto.

Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Ile habari ya jirani sikuwahi kuisikia. Halafu wazo jingine likanipiga: kama anakisikia Kiingereza... mikutano yote ya shule niliyomtafsiria!

Kwenye gari nikajikaza. "Papa, ulianza lini kusikia Kiingereza?"

"Tangu mwalimu wako wa hesabu."

(Huyo ndiye aliyenilalamikia, mimi nikatafsiri kuwa ananisifu. Mungu wangu.)

Tukapitia duka jingine, tukanunua komeo nene la chuma, jipya kabisa. Papa akaliombea pale pale, katikati ya foleni, na safari hii maneno yalimtoka bila kukwama. Watu wakageuka kutuangalia. Nikasema "Amina" kwa sauti, kabla hata hajamaliza.

Naombeni msicheke. Na ninyi mnaowatafsiria wazazi kwa walimu, tubuni mapema. Wanasikia.