Kuhusu Mfanyakazi Wangu Mliyemwandikisha Darasa la Nne

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini u mzima, wewe na walimu wenzako na mlingoti wa bendera. Mimi sijambo, ila nimeonewa, na aliyenionea ni shule yako.

Unanifahamu. Ni yule fundi wa kike mwenye vyerehani viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ninayewashonea sare huu mwaka wa sita. Juzi mlinzi wako aliniletea ujumbe kwamba binti wa kaka yangu awe darasani ifikapo Jumatatu, la sivyo utanifikisha kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Nimekusikia. Ila kabla hatujafika huko, niruhusu nieleze yaliyonipata, ili ofisa akija amjue mkosaji.

Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na mmoja. Sisi tunamwita Kifungo. Ofisa akisikia jina hilo asidhani ni hukumu. Ni vifungo vya mashati tu, ndiyo kazi yake. Baba yake alikuwa mbeba mizigo mpaka gunia la saruji lilipomvunja mgongo. Sasa yuko kitandani, mkewe anamgeuza ubavu huu na ubavu ule. Kifungo aliletwa kwangu "akae kidogo tu". Hiyo kidogo imetimiza miaka miwili. Wenzake ni mabinti wawili wa dobi, jirani yangu: mkubwa anakata nyuzi, mdogo anapiga pasi akiwa amesimama juu ya kreti ya soda. Ni karakana yenye amani. Hakuna anayelia kwa sauti.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilimtuma Kifungo alete kwako furushi la sare zilizobaki. Alizikabidhi zote isipokuwa moja. Hiyo aliivaa nyuma ya vyoo vyenu, akaficha gauni lake kwenye ua, akaingia Darasa la Nne, akakaa. Jioni akaniambia amechelewa kwa sababu alikuwa anatafuta uzi wa bluu. Kesho yake, uzi wa bluu. Keshokutwa, uzi wa bluu. Siku nne nzima, Mwalimu, niliamini kwamba mji wote umeishiwa uzi wa bluu. Siku ya tano nikamfuata.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mlimpokea bila kumuuliza neno. Nilipomwuliza mlinzi amempitishaje, alinijibu, "Mama, amri niliyopewa ni moja tu: asiye na sare arudi kwao. Huyu alikuwa nayo." Mwaka juzi, alipoletwa kwangu, Kifungo huyo huyo alifika getini hapo hapo na daftari lake, bila sare, akarudishwa mara tatu. Kichwa kilikuwa hiki hiki. Utauliza mbona fundi wa sare hakumshonea. Kitambaa ni chenu, Mwalimu, hupimwa kikija na kikirudi. Na sare haiji peke yake, huja na viatu, madaftari na mchango wa dawati. Hata hivyo nimeelewa sasa kwamba anayesoma kwenu ni sketi. Mngeniambia mapema.

2. Kwamba mmetumia ujuzi wa karakana yangu bila idhini. Nilipochungulia dirishani, mwalimu wa hesabu alikuwa ameuliza kumi na mbili mara kumi na mbili ni ngapi. Darasa kimya. Kifungo akasimama: "Mia moja arobaini na nne!" Wakampigia makofi. Hilo amelijulia kwangu! Vifungo huja dazeni kumi na mbili kwa pakiti, na kikikosekana kimoja tunapiga magoti sakafuni mpaka kionekane. Yale makofi yalikuwa yangu, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

3. Kwamba mnacheza. Uwanja wenu hauko mbali na dirisha langu. Ikifika saa nne kelele zinaingia, na watoto wangu watatu wanainua vichwa kwa pamoja, sindano zimesimama hewani. Wiki iliyopita yule mdogo wa dobi alijiunguza kidole na pasi kwa sababu ya kusikiliza watu wakiruka kamba. Naomba wanafunzi wako wacheze kimyakimya, au wasicheze kabisa. Wangu wameweza.

4. Kwamba unanitisha kwa ofisa. Ulipoleta oda ya mwaka huu ulikaa kwenye benchi langu, ukasema, "Fundi, punguza bei, hali za wazazi unazijua." Nikapunguza. Ukasema, "Na ziwe zimeisha mwezi huu." Zikaisha. Hukuuliza nimepunguzia wapi. Watoto wote watatu walikuwepo, mmoja alikuletea maji, ukanywa, ukamrudishia kikombe ukisema, "Hodari huyu!" Nilidhani huko chuoni mlifundishwa kutowaona. Basi ofisa akija, tutakaa naye kwenye benchi lile lile, mimi upande huu na wewe upande ule, na atuulize pamoja.

5. Kwamba mnawafundisha kuuliza. Siku ile nilimshika Kifungo mkono nikamrudisha nyumbani. Hakulia, wala hakuomba radhi. Tulipokaribia duka la vifaa akaniuliza, "Shangazi, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheza nini?"

Nikamwambia anyamaze, atazame mbele.

Si kwamba sina jibu. Ninalo, liko mahali fulani. Mimi nilikalishwa kwenye cherehani cha mama mkubwa nikiwa na miaka tisa. Miguu haikufika kwenye pedeli, wakaniwekea tofali. Nimejaribu kukumbuka kabla ya lile tofali kulikuwa na nini. Nimejaribu siku tisa sasa. Katika kujaribu huko nimeshona suruali yenye miguu miwili ya kushoto, na mwenyewe ameikataa. Mtoto ambaye hajapita mikononi mwenu asingeniuliza swali la namna hiyo. Angeniuliza uzi uko wapi.

6. Kwamba hamna mipango. Kwa hiyo nimewapangia. Shule ibaki, maana oda zake ndizo zinazotulisha. Watakaoondoka ni wanafunzi. Watoto wote mia tatu waje kwangu kushona sare, na sare zipelekwe darasani zikakae kwenye madawati. Asubuhi mziite majina. Hazipigi kelele, hazichafuki, hazisinzii kwa njaa, na mlinzi hawezi kuzirudisha nyumbani, kwa sababu zenyewe ndizo sare. Mkaguzi atawasifu kwa nidhamu. Watoto nao hawatakuwa na shida: nitawagawa, wenye vidole vyembamba kwenye matundu ya vifungo, warefu kwenye pasi, na wale wa chekechea wataokota sindano sakafuni, kwa kuwa wako karibu nayo. Kaka yangu apelekewe vifungo kitandani. Mgongo ndio uliovunjika, mikono haikuvunjika. Tukifanya hivyo hakuna mtoto yeyote atakayechungulia dirishani, kwa kuwa upande wa pili hakutakuwa na cha kuonea wivu.

Naamini utayatazama haya kwa uzito wake. Nisalimie mama watoto. Mwambie gauni lake nimelipunguza mabega, aje alijaribu. Nisalimie mwalimu wa hesabu, na mlinzi ambaye anatii amri vizuri sana. Wanafunzi nao wasalimie, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi, niliyekosewa,

Fundi wa sare zenu

Tanbihi: Aliyekuletea barua hii ni Kifungo mwenyewe. Mkalishe dawati la mbele. Ubaoni haoni vizuri, naye hatakuambia; atanakili kwa jirani, mtadhani anaibia. Mabinti wa dobi nimeshazungumza na mama yao, amelia, kisha amekubali. Watafuata wiki ijayo nikimaliza kuwapima sare. Kwa hiyo oda ya mwakani itachelewa na bei itapanda, na wazazi utawaeleza wewe. Kifungo nimemwambia asitoke hapo bila jibu lako. Wewe usijisumbue kuliharakisha. Lisipokuwa tayari leo, nitamtuma tena kesho, na keshokutwa, na mwakani, mpaka lipatikane.