Kisima Alichozibua Zakir

Zakir wa Kismayo alikuwa na kanuni moja katika kazi yake: mtu akikuletea simu iliyojaa, usimuulize imejaa nini. Tazama mwenyewe. Mwaka ule wa 2018 alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, bajaji moja aliyoikodisha, na sifa za kutosha mjini kiasi kwamba waliomjua walimlipa baada ya kazi, na wasiomjua walimlipa kabla.

Siku hiyo aliingia Mzee Fumo, fundi mwashi wa zamani, ameishika simu yake kwa mikono miwili kama ndege aliyevunjika bawa.

"Mjukuu wangu, imekataa hata kupiga. Nadhani imechoka."

"Haijachoka, mzee. Imeshiba. Niachie mpaka alasiri."

Ilikuwa imeshiba kweli. Zakir alikuta picha elfu tatu za maua ya waridi zenye maneno ya Ijumaa Karima, na chini yake mlima wa jumbe za sauti, zote kutoka kundi moja la watsapu lililoitwa Ngumi Ndiko Kwetu. Wenyewe walikuwa wazee thelathini na wanane waliokikimbia kisiwa cha Ngumi vita vilipozuka mwaka 1991. Wengi waliishia Mombasa, wengine kambini, wachache Ulaya, na Mzee Fumo peke yake ndiye aliyebaki Kismayo. Kila asubuhi walipeana salamu, habari za magoti, na madokezo.

Madokezo yalikuwa ya kila aina. Kifuniko cha chupa kikikaza, kishike kwa mpira wa ndara. Papa mkavu akizidi chumvi, mroweke na kipande cha kiazi. Bi Mishi, aliyekuwa akiishi Uingereza, alifundisha namna ya kuondoa shombo nyumbani kwa kuchemsha karafuu na siki, kisha akaongeza kwamba madirisha yafunguliwe kwanza, maana yeye alisahau, kengele ya moshi ikalia, na wazima moto wakaja sita wamevaa buti juu ya zulia lake.

Zakir alisikiliza sekunde ishirini za kila ujumbe. Hakuwa na desturi ya kumsikiliza mtu zaidi ya hapo bila malipo. Lakini sekunde hizo zilimtosha kuona jambo moja: mazungumzo yalianzia popote, kwenye vitunguu au kwenye dawa ya presha, lakini mwisho yaliangukia kisimani.

"Chai ya huku Mombasa haina ladha," alikuwa akisema Bi Umi. "Mnalaumu majani. Si majani, ni maji. Maji ya kisima chetu yalikuwa na utu wake. Siku wale wa bunduki walipokifukia, waliifukia Ngumi yote. Tuko familia sita hapa tunataka kurudi. Ofisi za wakimbizi zinatuambia hakuna maji, hakuna kurudi. Mimi nina miaka sabini na tatu, nitangoja nini tena? Na kisha, jamani, maji yale yalivyokuwa hayapatani na sabuni..."

Hapo sekunde ishirini zilikuwa zimepita zamani. Zakir akazima. Ujumbe ulikuwa wa dakika tisa, na mambo yote ambayo yangemfaa maishani yalikuwa katika dakika ya pili.

Kabla ya kumrudishia Mzee Fumo simu yake, Zakir alijiingiza mwenyewe kundini, akabisha hodi kwa adabu.

"Asalaam aleikum, wazee wangu. Mimi ni Zakir, mjukuu wa marehemu Husseini wa Ngumi."

Kisiwa gani hakina Husseini? Katika muda wa saa moja wazee watatu walikuwa wamemkumbuka, na kila mmoja alimkumbuka wake.

"Mchu wetu huyu," akasema Bi Mishi, yaani mtu wetu kwa lafudhi ya kisiwani. "Hata sauti ni ya Husseini."

Kwa wiki moja Zakir alituma maua ya waridi. Wiki ya pili akatoa habari. Alisema huwa anakwenda Ngumi na wavuvi, na kwamba kwa mikono yake miwili, kwa kuwakumbuka wazee wake, amekizibua kile kisima. Maji yapo. Kama kuna mtu aliye mbali anayeyatamani, yeye yuko tayari kumpelekea chupa, kwa gharama ndogo tu za kamba na mafuta ya boti.

Kisha ikaja sauti ya Bi Umi, ya sekunde tano tu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Kisima kimezibuliwa? Rudia tena, mwanangu."

"Kimezibuliwa, bibi yangu."

"Maji yako chini pima ngapi?" akauliza Mzee Fumo.

"Ya kutosha, mzee."

Fundi yeyote angelishangaa jibu hilo, lakini Mzee Fumo alituma kidole gumba, na Zakir akaendelea na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alinunua maji safi ya dukani kwa katoni, akayahamishia kwenye chupa kuukuu, na kila chupa akaitilia punje chache za mchanga ili isionekane ya uongo. Chupa za Mombasa zilikwenda na wafanyabiashara, za Ulaya zilikwenda katika mabegi ya wasafiri, zimefungwa katika leso kama mtoto mchanga. Wazee walilipa bila kubishana. Wengine waliagiza mara mbili.

"Nimeanza kufunga mizigo," akasema Bi Umi siku moja. "Nimemwambia mwenye nyumba atafute mpangaji."

Zakir alisikia kitu kikimchoma kifuani. Akadhani ni tangawizi ya chai, akanywa maji.

Chupa zilipowafikia wote, kundi lilinyamaza siku mbili. Hakuna salamu, hakuna magoti. Zakir alidhani wameishiwa vifurushi. Siku ya tatu walirudi na maua yao, wakamsalimu kwa upole kuliko zamani, na Bi Mishi akatoa dokezo.

"Leo langu ni la dhahabu. Dhahabu iliyokaa ardhini siku nyingi usiisugue kwa brashi. Roweka ukwaju, uitumbukize humo tangu adhuhuri hadi alasiri, kisha isuuze."

Sekunde ishirini zikapita. Kwa mara ya kwanza kidole cha Zakir hakikuzima.

"Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya vikuku vyetu. Tisini na moja, tulipokimbia, wanawake wa mtaa mzima tulivivua, tukavitia kwenye sufuria ya shaba, mikufu na vipini na kila kitu, tukaizamisha kisimani. Iko chini kabisa, penye mwamba wa mwisho, upande wa kibla..."

"Mishi," akaandika Mzee Fumo. "Mambo hayo si ya humu."

"Astaghfirullah, nimesahau tumo wengi humu. Nafuta."

Akafuta. Lakini Zakir alikuwa ameshausikiliza wote, dakika tisa, mara mbili. Alicheka peke yake kibandani. Maskini wazee na simu zao.

Kesho yake aliuliza kundini, kwa sauti ya mtu asiye na haraka: "Mzee Fumo, mchu akitaka kuchimbua kisima cha zamani salama, huanzaje? Namuulizia rafiki."

Mzee Fumo alijibu kwa dakika kumi na moja. Alieleza kwamba vifusi vitolewe kwa ndoo, si kwa pupa. Kwamba ukuta ulioporomoka ujengwe upya kwa mawe na chokaa kadiri mtu anavyoshuka, la sivyo kisima humla mchimbaji. Na kwamba kazi hiyo Kismayo nzima anaiweza mtu mmoja tu aitwaye Gharibu. Zakir alisikiliza mpaka mwisho na kuandika.

Akauza bajaji. Akachukua na yale yote aliyoyapata kwenye chupa. Alinunua chokaa, saruji, kamba, ndoo na chakula, akamwajiri Gharibu na wachimbaji watatu. Kwa kuwa watu wa mjini wana maswali, alitangaza kwamba anamfanyia sadaka babu yake Husseini. Msikitini walimshika mkono. Mwenye duka la chokaa alimpunguzia bei huku machozi yakimlengalenga. Zakir alipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu mkubwa, kama anavyopokea mtu ambaye ameshaanza kuchagua rangi ya gari.

Ngumi hakukuwa na mtu anayeishi. Kulikuwa na kuta zisizo na paa, na mtandao ulipatikana kwa kusimama juu ya baraza ya msikiti tu. Walichimba siku kumi na nane. Walitoa mawe, mabati, na injini nzima ya boti.

"Huu ukuta wa nini, Gharibu?" Zakir alilalamika siku ya tano. "Tufike chini tu."

"Nani atashuka chini ya mawe yaliyolegea? Wewe?"

Zakir alitazama shimo. "Jengeni ukuta," akasema.

"Na juu tuweke mdomo wa saruji, mchanga usirudi ndani ukatupa kazi mara mbili."

"Wekeni na mdomo."

Siku ya kumi na nane maji yalitokea, machafu kama chai ya maziwa. Sufuria haikuonekana. Zakir alikimbilia barazani, na bahati yake ikawa nzuri, kwani Bi Mishi na Bi Umi walikuwa wakiongea. Bi Mishi alikuwa akisema kwamba ile sufuria ilizama topeni, na hata mtu akifika mwamba hawezi kuiona mpaka ayateke maji siku tatu mfululizo yawe meupe. Kisha akafuta. Bi Mishi alikuwa na bahati mbaya sana na kufuta.

Waliteka siku tatu. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe hadi chini, na Zakir alishuka mwenyewe kwa kamba, asimwamini mtu. Alipapasa upande wa kibla. Alipapasa pande zote. Hapakuwa na sufuria, wala kikuku, wala kipini. Penye ukuta wa zamani, ule ambao haukuporomoka, mkono wake uligusa maandishi yaliyochorwa kwenye chokaa kwa kidole cha mtu aliyemaliza kazi: Fumo bin Abubakar, 1974.

Aliyasoma mara tatu. Kisha akapanda juu, polepole, akaketi kwenye mdomo wa saruji. Mikono yake ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko. Akachukua kipande cha sabuni, akateka maji, akasugua. Hakuna povu. Akasugua tena. Sabuni iliganda mikononi kama jibini.

"Hayatoi povu," akasema.

"Hayajawahi kutoa," akajibu mtu nyuma yake.

Boti mbili zilikuwa zimetia nanga ufukoni, na watu walikuwa wakishusha magodoro, masufuria na mbuzi mmoja mwenye hasira. Aliyejibu alikuwa mama mfupi mwenye miwani, ameshika kopo lenye mfuniko. Zakir alimjua kwa sauti kabla hajamjua kwa sura.

"Bi Umi."

"Mimi. Nilisema kundini, hukusikiliza. Lazima utie majivu kwanza, yatuame, ndipo ufue. Lete mikono." Akamtilia majivu kidogo kwenye ndoo, akayakoroga, akangoja. "Chupa yako ilipofika nilitaka nipikie chai. Nikasema kwanza nikoshe leso yangu kwa sabuni na tone moja, nisikie harufu ya kwetu. Likatoka povu, Zakir, mpaka likamwagika chini. Nililia siku mbili. Nikawapigia wenzangu simu nje ya kundi, na kila mmoja huko aliko akaenda kuijaribu chupa yake kwa sabuni."

Zakir alitazama mikono yake ikianza kutakata. "Na dhahabu?"

"Dhahabu gani? Vikuku vya Mishi na vyangu tuliviuza Mombasa mwaka ule ule wa tisini na moja. Tulivila, na watoto wetu. Vilitutosha miezi mitano."

"Mlinidanganya, bibi yangu."

"Sisi?" Bi Umi alivua miwani akaifuta. "Wewe ulituambia umekizibua kisima. Sisi tumekusaidia tu usiwe mwongo."

Gharibu, ambaye wakati huo alikuwa akimbusu Bi Umi mkono, ndipo akajulikana kuwa ni mtoto wa dada yake Mzee Fumo, na kwamba ndiye aliyewapelekea habari kuwa maji yametoka. Alichukua ujira wake wote, akasema Mungu aipokee sadaka, akaondoka na wenzake kwa boti ya kwanza.

Jioni ile Zakir alikaa barazani akiwa hana bajaji, hana nauli, na ana heshima asiyoweza kuiuza. Chini yake mioto sita ilikuwa ikiwashwa, na mtu alikuwa akigombana na mbuzi. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Bi Mishi, dakika tisa na sekunde kumi na mbili.

Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alisikiliza. Alisikiliza namna ya kuotesha vitunguu kwenye kopo. Alisikiliza habari za goti la kushoto, kisha za goti la kulia. Dakika ya sita Bi Mishi alilia kidogo kwa ajili ya kisima, akajipangusa, akaendelea na vitunguu. Dakika ya nane alikohoa.

"Na wewe Zakir," ikasema sauti katika dakika ya tisa, "kama bado unasikiliza, boti ya kurudi Kismayo ni Alhamisi. Nahodha usimpe kitu, tumeshamlipa. Na ukifika, nitumie chupa moja kwa yeyote anayesafiri kuja huku. Na hiyo pia nitaijaribu kwa sabuni."