Sikio la Mbuzi wa Mlali

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimegundua dawa! Mimi, Amosi, mwanafunzi wa uzamili ambaye mwenzangu Judith humwita mzee wa kesho, eti kwa uvivu! Wiki nzima mbuzi wangu wa utafiti hapa Mlali wamekula mdalasini wa shangazi Cecilia kutoka mlimani. Leo nimepima chembe sahani zao, zile zinazogandisha damu. Zimechangamka ajabu! Za mbuzi wa Judith, wanaokula majani matupu, zimelala fofofo. Kongamano la watafiti la Arusha lina nafasi moja tu kwetu. Yangu hiyo! Nimempigia shangazi. Kapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani anaozesha.

Jumanne, 4 Machi
Nimepimwa suti. Judith kaniuliza damu nilitoa wapi. Nikamjibu kwa mbuzi, kwani alidhani kwa bata? Akasema anauliza sehemu gani ya mwili. Swali la kijicho! Yeye hutoa shingoni, kwenye mshipa mkubwa. Mimi hutoboa sikio na kulikamua. Shingo inataka upige magoti zizini umkumbatie mbuzi, na yule beberu wangu ana mateke. Damu ni damu.

Alhamisi, 6 Machi
Dk. Rahel, msimamizi wetu, naye kauliza lile lile. Wamepanga! Kaagiza kesho kila mbuzi, wangu na wa Judith, atolewe damu shingoni na sikioni. Sina wasiwasi. Nimewaongezea mdalasini. Beberu kapiga chafya kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Shingoni, chembe za mbuzi wangu zimelala kama za Judith. Sikioni, za Judith zimechangamka kama zangu, na mdalasini hawajauonja! Daktari kaeleza kwa upole: ukitoboa na kukamua, chembe hudhani kuna jeraha la kuziba, zinaamka zenyewe. Kumbe nilipima ukamuaji wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Arusha anakwenda Judith. Mada yake: mahali pa kutoa damu hubadilisha vipimo. Kwa masikio ya mbuzi wangu! Na shangazi ameshanunua kitenge cha sherehe. Nimelia. Kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepata mwanga! Kosa lilikuwa sikio. Daktari hakusema neno lolote kuhusu mkia. Asubuhi nimetoboa mkia wa beberu, nikaukamua kwa nguvu zangu zote. Chembe zimechangamka kuliko siku zote! Mdalasini unafanya kazi, ila mkiani tu. Nimempigia shangazi: kitenge asikirudishe dukani.