Jumba la Binamu Yangu Iowa

Jumamosi. Jeddah joto la kunata, nguo za jana bado mbichi kwa kamba.

Wasichana, leo nimejiaibisha mbele ya kahawa na tende! Tena nimejitakia.

Mnamjua Hala, binti wa madam wangu hapa mtaa wa Al-Safa. Amepata nafasi ya kusoma Marekani, mji wa chuo kikuu huko Iowa. Kimebaki kitu kimoja tu: nyanyake, Hajja, akubali. Hajja akisema mafi, hakuna, basi halas, imekwisha.

Alasiri Hajja akaja. Madam akaniita. "Esther, si una binamu huko? Mwambie Hajja mji ukoje."

Mimi tena! (Shule niliachia darasa la nane, lakini Iowa naijua.) Nikaanza. Mji umejaa wanafunzi. Mto unapita katikati ya chuo, bata wanatembea na watu. Maktaba, mabasi, hospitali kubwa. Ukitoka nje kidogo ni mahindi tu, kama Kitale. Theluji ipo, hapo sikudanganya.

"Na watu wake?" Hajja akauliza. "Huyu mtoto atamjua nani?"

"Binamu yangu Mercy! Ana nyumba kubwa." Nikatoa simu. Mercy huyo kwa ngazi, nyuma yake nguzo nene, juu kuba la dhahabu.

"Mashallah! Kuba la dhahabu?"

"Amefanya kazi kwa bidii, Hajja." (Mungu nisamehe.)

Hala akaitazama picha. Akafungua kompyuta, ukurasa wa chuo. Kuba lile lile! Nguzo zile zile!

"Esther, hii ni makumbusho ya chuo. Binamu yako hulala wapi, ndani ya kabati la vioo?"

Madam akacheka hadi akamwaga kahawa. Nikatamani zulia linimeze. Kusema haki, Mercy hakuwahi kudai ni kwake. Alituma picha tu, sisi nyumbani ndio tukampa jumba. (Nami kuna picha nimeegemea gari la bosi. Mama ameitundika ukutani.)

Hajja hakucheka. Nikajua nimemharibia mtoto wa watu safari.

"Mgeni amesimama kwa ngazi za jumba kama hilo," akasema polepole, "na hakuna askari aliyemfukuza?"

"Hakuna, Hajja. Alisema hata waliomwona walimsalimia."

"Basi mji una adabu. Yalla, aende. Lakini asilale kwa Mercy!"

Jioni wamekula kabsa, ule wali wao wa viungo, kwa nyama ya kondoo. Hala ameniletea sahani yangu jikoni mwenyewe, nyama tele. "Kula, mwenye kasri." Nimemaliza yote.

Msinicheke. Na mkikutana na mama yangu, lile gari bado ni langu.